Dubu Mweupe na Swali la Tisa

Ni wachache miongoni mwa watafiti wa afya ya akili wa Afrika Mashariki ambao hawajawahi kulibeba dodoso la PHQ-9. Lina maswali tisa. Manane ya mwanzo yanagusa usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona si kitu, kushindwa kutulia. Kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, jumla haiwezi kuzidi 27, na wengi huweka mpaka kwenye 10: aliyefika hapo huhesabiwa kuwa na dalili za sonona zinazostahili kuangaliwa. Swali la tisa ndilo linalouliza kama katika wiki mbili zilizopita mtu amesumbuliwa na mawazo kwamba afadhali angekufa, au mawazo ya kujidhuru.

Msaili aliyefunzwa vizuri anapojibiwa ndiyo huandika alama yake. Hubaki mpole, hufuata utaratibu uliopitishwa na kamati ya maadili, humwarifu kiongozi wa utafiti siku hiyo hiyo, hujaza fomu ya rufaa na kumkabidhi mshiriki. Kisha huenda nyumba inayofuata. Niliifanya kazi hiyo, na baadaye nikawafunza wengine kuifanya, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, pwani ya Kenya hasa. Leo nakaa chumbani na mgonjwa mmoja mmoja. Nataka niutetee utaratibu ule kwanza, kabla sijaeleza kwa nini niliuacha, maana wanaohama huwa na tabia ya kuisema vibaya nyumba waliyotoka.

Msaili akianza kufariji katikati ya dodoso, majibu yanayofuata hubadilika. Mshiriki ameridhia kuulizwa, hajaridhia kutibiwa. Na asiyefunzwa kutibu anaweza kumwumiza mwenzake kwa nia njema kabisa, hasa katika jambo zito kama kifo. Isitoshe, bila zile alama zilizoandikwa nyumba kwa nyumba, hakuna waziri anayeweza kwenda bungeni kuomba fedha za wagonjwa ambao hawajahesabiwa. Kwa hiyo msaili anaposikia na kunyamaza, anyamaze. Ni nidhamu, na ina manufaa.

Ila nidhamu hiyo inasimama juu ya dhana moja, kwamba mtu mwingine yupo mahali fulani ambaye kazi yake ni kujibu. Fomu ya rufaa ni ahadi. Huko Ganze, pwani hiyo hiyo, mama mmoja aliitazama fomu niliyompa, akaikunja taratibu, akaniuliza, “Mwanangu, nimekueleza yote. Hii karatasi ina nauli?” Haikuwa na nauli. Fomu za aina hiyo kwa kawaida hazina, na hata akifika hospitali ya kaunti hajui atamkuta nani, maana wanasaikolojia wa tiba na madaktari wa akili katika nchi yetu wamesongamana mijini, Nairobi hasa. Mama aliyenyamaza na mawazo yake kwa mwaka mzima anayatoa mbele ya mgeni, mgeni anaandika, gari linaondoka.

Na tukumbuke alikuwa anajibu swali hilo katika nchi gani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na wapo Wakenya waliotolewa wodini wakapelekwa mahakamani. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa miaka yote ya utafiti wangu, aliyenijibu ndiyo kisha nikamwuliza kama amewahi kujaribu, alikuwa anaulizwa na mtu mwenye kalamu na kitambulisho shingoni aseme kama amevunja sheria. Wengi walitazama mlango kwanza. Kwamba walijibu hata hivyo, hilo hunishangaza hadi leo, na naliona kama deni.

Katika miaka hiyo nilikuwa namsoma Alexander Luria, na kwake nilipata picha iliyonifaa kuliko ushauri wa rafiki yeyote. Luria alizaliwa Kazan, Urusi, mwaka 1902. Kabla hajatimiza miaka thelathini alikuwa tayari mtafiti wa saikolojia mwenye jina, mwenzake Lev Vygotsky. Mwaka 1931 na 1932 aliongoza misafara ya utafiti hadi Uzbekistan, kwa wakulima ambao wengi wao hawakujua kusoma, apate kuona jinsi shule na mabadiliko ya maisha yanavyogeuza fikra za watu. Yeyote aliyewahi kukaa mkekani kijijini akiwa na rundo la madodoso ataitambua hali hiyo mara moja.

Mojawapo ya maswali yake limekuwa maarufu. Huko kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Aliyekwenda shule hujibu bila kufikiri mara mbili. Mkulima mmoja aliyehojiwa alikataa katakata. Alieleza kwamba yeye amewahi kuona dubu mweusi tu, kwamba kila mahali pana wanyama wake, na kwamba mzee mwenye umri mkubwa aliyefika huko na kumwona dubu mweupe anaweza kusadikiwa, lakini yeye hajafika. Alibanwa tena na tena. Hakutoka hapo.

Kwa Luria, jibu hilo lilionyesha kwamba mkulima bado hajazoea kufikiri kwa kanuni zilizo mbali na maisha yake. Inawezekana. Lakini kadiri nilivyozidi kukaa na wagonjwa ndivyo nilivyozidi kumwona mkulima yule kuwa mwalimu. Utafiti umenifunza kuvuta hoja kutoka juu kwenda chini: waliofiwa na mtoto wamo katika hatari kubwa ya sonona, mwanamke huyu amefiwa na mtoto, basi huyu yuko hivi. Yule mwanamke akiingia chumbani kwangu leo, hoja hiyo inanipa pa kuanzia tu. Mmoja aliyekuja kwangu, ambaye nimembadilishia mambo kadhaa asije akatambulika, alikuwa na msiba wa aina hiyo kwenye faili lake. Kila aliyemwona kabla yangu alimpa pole ya mtoto. Alipoachwa aseme, alizungumzia shamba. Shemeji zake walikuwa wameanza kupima mipaka wiki ya matanga, na kilichomnyima usingizi ni kwamba kaburi la mwanawe lingebaki upande wa wengine. Hakuna wastani uliokuwa na habari ya kaburi hilo. Ilibidi afike mtu aliye tayari kusema kwamba hajawahi kufika huko, na hajui dubu wa huko wana rangi gani.

Kurudi kwa Luria mwenyewe. Matokeo ya Uzbekistan yalimletea shutuma za kisiasa, na kitabu chake juu ya misafara ile hakikutoka hadi mwaka 1974. Yeye akafanya jambo ambalo kwa profesa mwenye sifa lilikuwa zito: akarudi kusoma udaktari, akamaliza mwaka 1937, akiwa na miaka thelathini na tano. Vita vilipofika alikabidhiwa hospitali ya askari waliojeruhiwa ubongo, milimani Ural. Humo ndimo alimokutana na Zasetsky, luteni kijana aliyepigwa risasi kichwani mwaka 1943 karibu na Smolensk. Risasi ilimnyima uwezo wa kusoma, sehemu ya kumbukumbu zake, hata hisia ya wapi mkono wake wa kulia ulipo. Aliposhindwa kuandika herufi moja moja, aliambiwa ajaribu kuandika neno zima kwa mfululizo, bila kuinua mkono, bila kusimama kuitafuta herufi. Akaweza. Hakuweza kusoma alichokiandika ila kwa taabu kubwa, lakini aliandika, na katika robo karne iliyofuata alijaza takriban kurasa 3,000 za maisha yake. Luria alimfuatilia miaka yote hiyo, kisha akatoa kitabu ambamo sauti kubwa ni ya mgonjwa.

Napenda kukaa na kisa hiki kwa sababu watu hukisimulia kana kwamba Luria aliacha sayansi akafuata huruma. Hakuacha chochote. Aliyejua kwamba mwendo wa mkono uliozoeleka unaweza kubaki mzima wakati maarifa ya herufi yameharibika alijua hivyo kwa sababu ya miaka ya utafiti. Bila utafiti huo, mafanikio ya Zasetsky yangeitwa muujiza na kuachwa hapo. Tofauti ni kwamba sasa Luria alikuwa na wajibu juu ya kile alichokigundua. Kama njia isingefaa, asubuhi iliyofuata angemkuta kijana yule yule kitandani, akimsubiri.

Wajibu huo ndio nilioutaka. Nitalisema hivyo hivyo, maana wenzangu walinitafutia sababu nyingine: uchovu wa kuandika maombi ya fedha, ugomvi na fulani, umri.

Kurudi darasani katikati ya umri ni jambo ambalo watu hulionea huruma pasipo haja. Kukaa pamoja na vijana hakukunisumbua, wala kusimamiwa na mtu niliyemzidi umri. Kigumu kilikuwa kujifunza upya kazi za swali. Kwa mtafiti, swali ni chombo cha kuchotea. Linapaswa kuwa lile lile kwa kila mtu, kwa mpangilio ule ule, au hesabu haitasimama. Katika tiba, swali moja likiulizwa kwa watu wawili kwa namna ileile, huenda mmojawapo hajaulizwa kitu. Lichukue swali la tisa. Likijibiwa ndiyo kwenye dodoso, kazi imekwisha. Likijibiwa ndiyo kikaoni, kazi ndiyo kwanza inaanza, na ina hatua zinazofundishika: unauliza waziwazi kama amefikiria namna na wakati, kama amewahi kujaribu, ni nini kimemzuia mpaka leo. Wengi huogopa kwamba kumwuliza mtu juu ya kujiua ni kumpandikizia wazo. Tafiti zimelichunguza jambo hilo mara kadhaa na hazikukuta kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo, na mimi nawashukuru waliozifanya kila ninapolitamka neno lenyewe mbele ya mtu anayetetemeka.

Baada ya hapo mnaandika pamoja mpango wa usalama, kwa maneno yake, si yako. Dalili zinazomjulisha kwamba hali inaanza kumgeukia. Anachoweza kukifanya peke yake mawazo yakimjia. Mahali au watu wa kumtoa kwenye mawazo hayo, iwe baraza ya jirani au chuo cha mtoto. Nani wa kuambiwa ukweli usiku wa manane. Ni mtaalamu gani au kituo gani cha kukimbilia. Na jinsi ya kuiweka nyumba salama, kwa kuviondoa vitu vya hatari karibu naye, jambo ambalo mara nyingi huhitaji dada au mjomba apigiwe simu mle mle chumbani, kwa idhini ya mgonjwa. Yote hayo hukaa kwenye karatasi moja. Ukubwa wake unalingana na ile fomu ya rufaa.

Sasa nimgeukie mtu atakayenipinga, na ni mtu ninayemheshimu sana. Paul Meehl, mwanasaikolojia wa Minnesota, alichapisha mwaka 1954 kitabu kifupi kilicholinganisha njia mbili za kutabiri mambo ya watu: maamuzi ya mtaalamu anayemjua mgonjwa na hesabu rahisi ya takwimu. Alikusanya takriban tafiti 20. Karibu kila mahali hesabu ililingana na mtaalamu au ikamshinda. Tafiti zilizofuata kwa miongo mingi hazikuuangusha uamuzi huo. Na Meehl hakuwa adui wa tiba, alikuwa akiwatibu watu yeye mwenyewe. Alichokataa ni mtaalamu kuegemea ujuzi wa miaka mingi kana kwamba ujuzi ni kipimo.

Maana yake ni kwamba mkulima wa Uzbekistan peke yake hatoshi. Anayesema nasadiki nilichokiona tu anaweza pia kukiona vibaya. Mtabibu huwakumbuka waliopona na kurudi kushukuru, waliokata tamaa hawarudi kumwambia. Watu huja kwetu wakiwa katika hali mbaya kuliko kawaida yao, na hali mbaya kuliko kawaida huelekea kupungua hata usipofanya lolote. Asiyelijua hilo atajipa sifa ya kazi iliyofanywa na muda. Kwa hiyo dodoso nililolibeba vijijini sikulitupa. Wagonjwa wangu hulijaza kila baada ya vikao vichache, na tunaitazama pamoja mistari ya alama zao. Alama zisiposhuka, tunabadilisha njia, hata kama mimi naona vikao vinakwenda vizuri, na hasa nikiona vinakwenda vizuri. Baadhi ya wenzangu katika tiba hawaupendi utaratibu huu, wanauona baridi, wanasema unavunja ukaribu. Sikubaliani nao. Mgonjwa anayelipa kwa fedha aliyokopa ana haki ya kujua kama anapona, na uso wangu wa upole si jibu.

Hapa ndipo ninapoona faida ya anayehama akiwa ameshakomaa katika utafiti, ilimradi ahame na shaka yake. Akiingia kwenye tiba akiwa amechoka na takwimu, akitaka sasa kusikiliza moyo wake tu, ataongeza mtabibu mmoja zaidi anayejiamini kupita kiasi, na hao tunao.

Kuna hoja nyingine, ya hesabu, na hainiachi. Utafiti mmoja mzuri unaweza kubadilisha huduma kwa maelfu. Mimi kwa wiki naona watu wa kuhesabika kwa vidole vya mikono miwili. Je, si ubadhirifu? Nilipokuwa nalipima jambo hili nilirudi mara nyingi kwa Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe. Mwaka 2005 mgonjwa wake kijana alijiua. Familia ilikuwa imeambiwa imlete hospitalini, ikakosa nauli. Kutokana na kifo hicho Chibanda aliwafunza wanawake wazee wa mitaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, kukaa na jirani zao kwenye benchi nje ya zahanati na kuyachambua matatizo yao moja baada ya jingine hadi lipatikane moja la kulianza. Kisha akakubali kazi hiyo ipimwe kwa ukali wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na walioketi na wazee hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jambo lililowafikia maelfu lilianza kwa mgonjwa mmoja na nauli moja. Dodoso haliwezi kukuonyesha nauli, kwa sababu hakuna aliyeiwekea nafasi. Anayeiona ni yule atakayemsubiri mgonjwa siku ya miadi asimwone akifika.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 imeweka wazi kwamba kazi hii nchini Kenya ni ya waliosajiliwa. Ni sawa kabisa. Shahada ya uzamivu ya utafiti haimpi mtu ruhusa ya kutibu, na mtafiti anayeweka kibao mlangoni kwa sababu anaitwa daktari ni hatari kwa umma. Marekani, mwenye uzamivu wa saikolojia ya utafiti anayetaka kutibu ana njia inayojulikana: husoma upya masomo ya tiba na kufanya mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, bila kulazimika kuianza saikolojia kama mtu asiyewahi kuisoma. Vyuo vyetu vina shahada nzuri za uzamili za saikolojia tiba, lakini zimepangwa kana kwamba kila anayeingia ni kijana asiye na watoto wa kulipia karo wala kazi ya mchana. Nawaomba wanaozipanga wafungue mlango kwa watu wa umri wangu: madarasa ya jioni, masomo ya takwimu yasirudiwe na aliyeyafundisha, na saa zote za vitendo zibaki kama zilivyo, zisipunguzwe hata moja.

Kwa wanaofadhili utafiti nina ombi fupi zaidi. Andikeni mshahara wa mtabibu ndani ya bajeti, na nauli.

Na wewe mtafiti unayelifikiria jambo hili, ukisubiri mradi uliopo uishe: miradi haiishi, hurefushwa. Kabla hujaacha kazi, mtafute mtabibu aliyesajiliwa atakayekubali kukusimamia, na umwombe akueleze bila kukuficha wiki yake ilivyo. Ukiitaka hata baada ya kuisikia, peleka maombi chuoni mwaka huu.